Ukumbi wa kijiji unaoanza na kivuli: mwongozo wa kubuni na kujenga Mtwara na Lindi

Huku Kusini mkutano mkuu wa kijiji hufanyika chini ya mti. Ukiwa mwembe au mkorosho mkongwe, watu hukaa wakisogea kadiri kivuli kinavyosogea, na upepo unapita kati yao bila kuombwa. Anayebuni jengo la umma Newala, Tandahimba, Ruangwa au Kilwa aanze na somo hilo: kwenye joto hili paa ndilo jengo, ukuta ni pazia tu. Majengo mengi ya umma hufanya kinyume. Kuta nzito zenye vidirisha, bati lililolala juu ya vichwa vya watu, na kufika saa nane mchana wajumbe wamebeba viti wamerudi chini ya mwembe.

Tunafuata hapa jengo moja la mfano: ukumbi wa mita 12 kwa 6, na upande mmoja vyumba viwili vya mita 3 kwa 6, kimoja cha mtendaji wa kijiji na kingine cha vitabu au cha chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Jumla ni mita 18 kwa 6, pamoja na baraza la upana wa mita 2.4 upande wa kaskazini, urefu wote. Ndani wanakaa watu kama 100, barazani 50 hivi, na wengine wanabaki chini ya mti ambao haukukatwa. Vipimo vyako vikibadilika, badilisha na hesabu. Mantiki ni ileile.

Soma eneo kabla ya kushika karatasi

Tenga siku tatu za kukaa kwenye kiwanja. Chomeka fimbo ya mita 2 katikati, uweke kigingi kwenye ncha ya kivuli chake saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni. Fanya hivyohivyo kwa miti iliyopo. Utaona wazi ni wapi panachomwa na jua la jioni, ambalo ndilo baya kuliko yote kwa sababu linaingia chini ya paa lolote.

Kisha waulize wazee na akina mama mambo manne: maji husimama wapi mwezi wa Machi na Aprili, mkondo hupita wapi mvua ikipiga usiku kucha, makaburi na maeneo ya jando yapo wapi, na njia ya miguu ya kwenda shule au kisimani inapita wapi. Jengo linaloziba njia ya watu huishia kutobolewa ua na kukanyagwa bustani, na kosa halitakuwa la watu.

Chimba mashimo matatu ya kina cha mita 1.5. Ukikuta udongo mwekundu wenye mchanga, kama ulivyo sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, una bahati: ni udongo wa kujengea. Ukikuta udongo mweusi wa mabondeni unaopasuka kiangazi hata mkono ukaingia kwenye ufa, hamisha jengo. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na ukuta wa juu yake huchanika ngazi kwa ngazi kutoka kona za madirisha. Kuutibu ni ghali kuliko kusogea mita 100. Pwani, kwenye mwamba wa matumbawe, msingi ni rahisi lakini shimo la tangi ni kazi ya sururu. Panga tangi la juu ya ardhi tangu mwanzo.

Mti mkubwa unaobaki usichimbiwe ndani ya duara la matawi yake. Mizizi inayolisha iko humo, na mwembe uliokatwa mizizi upande mmoja huanza kufa miaka miwili mitatu baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka sababu. Weka ukuta mita 3 nje ya duara hilo. Mkorosho uwe mbali zaidi, matawi yake huvunjika upesi.

Mambo ya karatasi yasirukwe: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaotenga ardhi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na ramani iliyopitiwa na mhandisi wa halmashauri. Kama kazi itakwenda kwa fosi akaunti, yaani mwenye jengo kujenga mwenyewe kwa mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, kamati za ununuzi, mapokezi na ujenzi ziundwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushuka.

Lalisha jengo kwa jua

Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta. Maana yake, kuanzia karibu tarehe 20 Oktoba hadi tarehe 20 na kitu Februari jua la saa sita liko upande wa kusini, na miezi minane iliyobaki liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo urefu wa jengo ulale mashariki–magharibi: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi za mashariki na magharibi zisiwe na dirisha, au ziwe na matundu madogo ya juu tu.

Sasa angalia hesabu ya upenu, maana hapa watu wengi hukisia. Mwezi Juni, saa sita, jua la kaskazini limepanda nyuzi 56 hivi. Kila mita 1 ya upenu inashusha kivuli cha mita 1.5 ukutani. Ukuta wa mita 2.8 unataka basi upenu wa karibu mita 1.9, baraza letu la mita 2.4 linautosha na kubakiza. Mwezi Desemba jua la kusini limepanda nyuzi 77, na mita 1 ya upenu inashusha kivuli cha mita 4.3. Upenu wa sentimita 60 tu upande wa kusini unafunika mita 2.6 za ukuta. Ndiyo sababu baraza liko kaskazini, na kusini pana upenu mfupi. Ukigeuza ramani ya mkoa mwingine bila kuangalia, baraza litakwenda upande usiolihitaji.

Upepo nao unakubaliana na mpango huo. Kusi huja kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hadi Machi, na zote mbili zinagonga ukuta mrefu kwa mshazari. Jengo lenye upana wa mita 6 linapitisha upepo kutoka upande hadi upande. Likifika mita 9 au 10, katikati hewa inalala.

Uwazi wa madirisha na matundu uwe angalau asilimia 20 ya sakafu. Ukumbi wetu una mita za mraba 72, kwa hiyo uwazi ni mita za mraba 14 hadi 15, nusu kusini na nusu kaskazini, zikitazamana. Sehemu kubwa iwe chini, kati ya sentimita 60 na mita 1.2 kutoka sakafuni, kwa sababu watu wamekaa. Upepo unaopita juu ya vichwa haumsaidii aliyeketi. Tumia vipande vya ukuta wa tofali za matundu, na madirisha ya mbao yenye vibao vya mshazari badala ya vioo.

Acha vifaa vipime chumba

Katika nyumba za mawe za pwani, kuanzia magofu ya Kilwa Kisiwani hadi Mikindani, vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Kilichopima upana ni boriti ya mkoko: chumba hakiwezi kuzidi urefu wa mti unaobeba dari. Hekima hiyo bado inafaa. Mbao sokoni nyingi ni za futi 12, yaani mita 3.6. Mbao mbili zikipandana sentimita 60 zinatoa mita 6.6, ambazo zinavuka ukumbi wa mita 6 na unene wa kuta zake bila kipande cha ziada. Nguzo zikikaa kila mita 3, linta (boriti za juu ya milango na madirisha) na papi (mbao zinazopigiliwa bati) zinatoka bila mabaki. Mbunifu anayechora mita 7.3 kwa sababu imependeza kwenye karatasi anaandika hasara ya mbao kwenye kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa.

Panga vifaa kwa umbali. Udongo, mchanga wa mtoni, mianzi na nguvu kazi vitoke kijijini au jirani. Saruji inatengenezwa Mtwara kwenyewe, kwa hiyo haina safari ndefu. Kokoto ngumu ni shida kwa watu wa uwanda wa Makonde. Upande wa Masasi, kwenye miamba yake, zinapatikana, lakini gari ni la kulipiwa. Kwa hiyo zege litumike kidogo na mahali pake: msingi, mikanda, nguzo. Mbao za milango zinunuliwe kwenye kijiji chenye msitu wake wa hifadhi unaovunwa kwa mpango, kama vilivyopo vijiji kadhaa vya Kilwa, zikiwa na nyaraka. Mninga na mkongo zinatosha kwa milango.

Vitu vitatu visiingie kabisa. Mchanga wa ufukweni: chumvi yake inakula nondo, na ufuko wenyewe unaondoka. Mikoko iliyokatwa bila kibali. Na chokaa ya matumbawe yaliyong'olewa baharini: mwamba huo ndio nyumba ya samaki wanaoliwa na watu wa Mikindani, Msimbati na Kilwa.

Shimo la tangi ndilo linalojenga kuta

Hiki ndicho kiini cha mpango mzima. Jengo linahitaji tangi la maji chini ya ardhi, na linahitaji udongo wa tofali. Chimba mara moja.

Shimo la kipenyo cha mita 4.4 na kina cha mita 3.2 linatoa karibu mita za ujazo 49. Ondoa sentimita 50 za juu zenye mizizi na mboji, uziweke pembeni kwa bustani. Zinabaki mita za ujazo 41 za udongo safi, ambazo zikilegea zinakuwa kama 50. Kuta zetu zinataka tofali karibu 5,200 na udongo uliolegea wa mita za ujazo 36. Shimo linatosha, na kinachobaki kinajaza chini ya sakafu.

Chimba tangi angalau mita 4 kutoka ukutani, mita 30 kutoka choo, na mbali na mizizi ya mwembe. Udongo wa mchanga hauaminiki: ukipita mita 1.2 zuia kingo kwa mbao, au panua mdomo wa shimo uwe na mteremko, na asiingie mtu peke yake. Kingo zinaweza kuporomoka bila dalili yoyote, hasa siku moja baada ya mvua.

Kabla ya kununua saruji, pima udongo. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4 ndani, ukipake mafuta. Jaza udongo uliochekechwa na kukandwa kwa maji mpaka uwe kama wa kukandika nyumba, ulainishe juu, uache kivulini siku saba. Sukuma vipande vyote upande mmoja, upime pengo lililobaki:

- chini ya milimita 12: saruji 1 kwa udongo 18;
- milimita 12 hadi 24: 1 kwa 16;
- milimita 24 hadi 36: 1 kwa 14;
- milimita 36 hadi 48: 1 kwa 12;
- zaidi ya hapo: ongeza mchanga na upime tena.

Mfano wetu unatumia 1 kwa 14. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo udongo ni lita 490, na zinatoka tofali 70 hivi za sentimita 30 kwa 15 kwa 10. Tofali 5,200 ni mifuko 75. Mashine ya mkono ya tofali za kufungamana, aina ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeifundisha kwa miaka mingi, ikiwa na watu sita wanaoelewana inatoa tofali 300 hadi 400 kwa siku. Hesabu majuma matatu.

Maji ya mchanganyiko ndiyo yanayoharibu zaidi. Shika konzi, ifinye iwe donge, iangushe kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Ikivunjika vipande vitatu hadi vitano, anza kufyatua. Ikitawanyika kama unga, maji ni machache. Ikijibandika kama chapati, yamezidi, na tofali litapinda likitolewa. Rudia kipimo hiki kila mchanganyiko, siyo asubuhi tu, kwa sababu udongo uliokaa juani hadi saa tano si ule wa saa mbili.

Changanya mfuko nusu nusu. Mchanganyiko ukishatiwa maji umalizike ndani ya dakika 45. Uliobaki usiongezwe maji ukafufuliwa, saruji yake imeshaanza kushika. Tofali mbichi zipangwe kivulini, zifunikwe nailoni au majani ya mgomba, zimwagiwe maji kwa kopo lenye matundu asubuhi na jioni kwa siku saba. Zisipandishwe ukutani kabla ya siku 28. Mafundi wengi huharakisha hapa. Tofali la siku kumi linaonekana gumu, lakini kingo zake huliwa na mvua ya kwanza, na baada ya hapo kila mtu husema tofali za udongo ni mbaya.

Hakuna moto wala kuni popote kwenye hesabu hii. Tanuru la kuchoma tofali kama hizo lingekula miti ambayo kijiji kinaihitaji kwa kivuli.

Msingi na kuta

Chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 80, hadi ardhi ngumu. Zege la chini sentimita 15, kisha mawe au tofali za saruji hadi sakafu ipande sentimita 45 juu ya ardhi. Urefu huo unalinda tofali dhidi ya maji yanayoruka kutoka chini, ambayo humomonyoa ukuta kuliko mvua inayoupiga moja kwa moja. Ngazi ikiwa na sentimita 45, njia ya kiti cha magurudumu inataka urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 1.2, mteremko wa 1 kwa 12. Ichorwe tangu mwanzo. Ikiachwa ije kuongezwa, itaongezwa fupi na kali, na mzee mwenye mkongojo hataipanda.

Juu ya msingi weka karatasi ya kuzuia unyevu, na juu yake safu nyembamba ya zege laini iliyotoka nje ya ukuta sentimita 3 hivi, ikiinama kidogo. Mchwa hawezi kuuzunguka ukingo huo bila kujenga njia inayoonekana, na mlinzi akiiona anaivunja.

Mstari wa kwanza wa tofali unalazwa kwa saruji, kifaa cha pima maji kikiwa mkononi. Mingine 27 inapandana mikavu. Ukikosea milimita 3 kwenye mstari wa kwanza, hakuna mahali pa kurekebisha juu, kwa kuwa hakuna udongo katikati wa kunyanyua. Fundi bora apewe mstari huo, na atumie siku nzima.

Ukuta wa sentimita 15 ni mwembamba kwa urefu wa mita 12. Kila mita 3 uwe na kiguzo kinachotokeza nje, na kwenye kona na viguzo hivyo pitisha nondo ya milimita 12 ndani ya matundu ya tofali kuanzia msingi, ujaze zege jepesi la mchanga. Funga mikanda miwili ya zege: mmoja juu ya madirisha, mwingine chini ya kenchi. Pwani, nondo zifunikwe na zege la sentimita 4 hadi 5. Zikiwa karibu na uso, chumvi inazifikia, zinavimba, na zege linabanduka vipande.

Nje usipige plasta ya saruji. Inashika unyevu nyuma yake na kubanduka, na inaficha rangi nyekundu ambayo ni ya udongo wa pale pale. Upande unaopigwa na mvua ya upepo pekee ndio upakwe rangi ya chokaa ya kiwandani, ikirudiwa kila mwaka.

Paa: funga mnyororo

Ukanda huu una historia ya vimbunga. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi. Kenneth ya Aprili 2019 ilitua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, baada ya wakazi wa Mtwara kutakiwa kujikinga. Hidaya ya Mei 2024 ilileta mvua iliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Paa libuniwe kwa siku hiyo.

Chagua paa la migongo minne, yaani linaloteremka pande zote nne, mteremko wa nyuzi 25 hadi 30. Lenye pembe wazi mbili linampa upepo ukuta wa kusukuma. Upepo hausukumi paa chini, unalinyonya juu. Kwa hiyo fikiria mnyororo: bati kwenye msumari, msumari kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye mkanda, mkanda kwenye nondo, nondo kwenye msingi. Pete moja ikilegea, zote zilizobaki ni bure. Inayolegea mara nyingi ni ya kenchi na mkanda, kwa sababu mafundi huzungushia waya wa kufungia nondo. Weka badala yake kitanzi cha nondo ya milimita 8 ndani ya mkanda kabla zege halijamwagwa, kila mita 1.2 panapokaa kenchi, miguu yake imenaswa chini ya nondo za mkanda. Kenchi ikikaa, kitanzi kinapindishwa juu yake na kufungwa kwa misumari ya U pande zote mbili. Vitanzi vikaguliwe kabla bati halijapanda. Bati likishafunika, hakuna anayepanda kuangalia tena.

Bati liwe geji 28, siyo 30 ambalo ni jembamba zaidi, rangi nyeupe au ya fedha. Bati jeusi au jekundu lililokolea linapendeza dukani na kuchoma ukumbini. Misumari yenye kofia na mpira ipigwe kwenye kila mgongo wa bati kando ya paa na kwenye kilele, katikati mgongo mmoja kwa mwingine.

Paa la baraza lijitegemee. Lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Liwe chini yake sentimita 30, na kenchi zake ndogo. Upepo mkali ukilinyakua, linakwenda peke yake na ukumbi unabaki umefunikwa. Pengo la sentimita 30 kati ya mapaa mawili, likiwekwa wavu wa mbu, linatoa hewa ya moto iliyojikusanya chini ya bati. Nguzo za baraza zinaweza kuwa minazi mizee isiyozaa, sehemu ya nje ya shina tu, ile nzito. Ikae juu ya kisiki cha zege cha sentimita 30 kwenye kikombe cha chuma, mti usiguse ardhi.

Makuti yanavutia na yana ubaridi, lakini yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na maji yake hayafai kunywa. Yaachiwe kibanda cha nje.

Chini ya bati weka dari. Bila dari, mvua ya Januari inafunga kikao, hakuna anayemsikia mwenyekiti. Dari ya mianzi iliyopasuliwa inafaa: mianzi ya zaidi ya miaka mitatu, ivunwe kiangazi, izamishwe majuma manne kwenye maji yanayotembea ili utamu wake utoke, maana utamu huo ndio chakula cha bungua. Kama dawa ya boraksi na asidi ya boriki inapatikana, ni bora zaidi. Acha sentimita 30 au zaidi kati ya dari na bati, na nafasi hiyo ipumue pande zote. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, zisilale wazi juu ya mianzi.

Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mapaa yetu mawili yana karibu mita za mraba 185. Chukua mvua ya mwaka ya milimita 800, kwa tahadhari, uondoe asilimia 20 inayopotea: lita 118,000. Kiangazi cha miezi sita kwa lita 200 kila siku kinataka lita 36,000. Tangi la kipenyo cha mita 4 na kina cha mita 3 ndani, ukiacha sentimita 15 za juu kwa bomba la kutolea ziada, linabeba kiasi hicho. Newala na Tandahimba, ambako maji ya chini yako mbali sana, hili si pambo la jengo. Ni nusu ya faida yake.

Ukuta wa tangi ujengwe kwa tofali za saruji, upigwe plasta ya saruji 1 kwa mchanga 3 mara mbili, ya pili ikiwa na dawa ya kuzuia maji, na kona ya chini izungushwe kwa chupa isiwe kali. Liwekwe maji kidogo mapema, siku ya pili yake. Plasta ikiachwa ikauke kwa joto, inachanika nyufa nyembamba zisizoonekana.

Gata zishuke sentimita 1 kila mita 2. Kabla ya tangi weka pipa la lita 200 la maji ya mwanzo, lenye koki ya kulimwaga kila baada ya mvua. Kuna jambo la kwetu hapa. Kati ya Juni na Septemba mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi lake la njano linatua juu ya mabati. Mvua za kwanza zisiingie kabisa tangini: ondoa kipande cha bomba, acha maji yamwagike bustanini mpaka paa lioshwe. Paa pia lifagiliwe Oktoba, kwa kuwa salfa ikikutana na unyevu inaharakisha kutu.

Ratiba

Tofali zifyatuliwe Mei na Juni, udongo ukiwa bado na unyevu na maji yapo. Msingi Juni, kuta Julai na Agosti, paa Septemba. Oktoba mikono yote inakwenda kwenye korosho, na fundi hatapata kibarua kwa bei yoyote. Jengo ambalo halijaezekwa kufikia hapo litanyeshewa Novemba likiwa na kuta wazi. Kama fedha haitoshi yote, ezeka paa kubwa na uache baraza na dari mwaka unaofuata. Usiache paa ukamalizia rangi.

Tenga kwenye bajeti ya kijiji ya kila mwaka fedha ya rangi ya chokaa, mipira ya misumari, gata na nyavu, ipigiwe kura siku ileile jengo linapopokelewa. Mlinzi akabidhiwe karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa stoo: kufagia paa na gata Oktoba, kumwaga pipa baada ya kila mvua, kuvunja njia za mchwa kila Jumamosi, kukaza vitanzi vya kenchi Machi.

Mvua kubwa ya kwanza ikija, fundi mkuu awepo ndani na chaki mkononi. Kila tone linapoanguka aweke alama sakafuni na aandike saa, na nje azunguke kuona maji ya paa yanatua wapi. Malipo yake ya mwisho yashikiliwe mpaka alama zote hizo zizibwe.